Nyumba Iliyofidia Safari

Majirani zangu, na ninyi mnaosoma hapa bila kutujua, naomba niwaeleze yaliyoipata nyumba iliyo ukuta kwa ukuta na yangu. Sisemi ya kusikia mitaani. Mimi ni fundi wa nguo, cherehani yangu iko barazani, na baraza yangu na yao zinatenganishwa na ukuta mfupi unaonifika kiunoni. Mengi niliyaona kwa macho yangu, na ambayo sikuyaona niliambiwa na wenyewe yaliyowakuta.

Ilikuwa jioni tulivu. Bibi wa nyumba ile alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki chenye mto, miguu juu ya kigoda, akisikiliza mpira redioni. Mwanamke yule alipenda mpira kuliko vijana wa mtaa. Mjukuu wake, msichana wa kidato cha mwisho, alikuwa akimkata kucha za miguu polepole, maana mwenye kisukari hakatwi kucha ovyo. Mkamwana wake alikuwa akimenya viazi, nami nilikuwa nikipiga pindo la sketi huku nikiuliza matokeo.

"Bado sare," Bibi akasema. "Lakini kipa wao mikono imepakwa mafuta. Ngojeni tu."

Kabla hatujangoja, redio ikanyamaza. Taa ya baraza nayo ikazimika. Tulipogeuka tulimwona mwanawe amesimama mlangoni, mkoba wa kazi begani, kidole kingali kwenye swichi.

"Mama, matokeo utayapata kesho," akasema kwa upole. "Redio na taa kwa pamoja, na jua halijazama sawasawa. Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana, au ulitukubalisha?" Bibi akamjibu, kisha akacheka. Wakati ule tulikuwa bado tunacheka.

Huyo ndiye mtu ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Zima. Jina lilianzia kwa watoto, likapanda kwa wakubwa, mwisho hata mwenye duka akalizoea. Ukimwuliza mtu wa nyumba ile, "U mzima?" alikujibu, "Mzima, sijazimwa bado." Bibi ndiye aliyeutunga utani huo, na aliutoa popote, hata mbele ya muuguzi.

Msimdhanie bahili. Bahili huogopa kutoa, na huyu alikuwa mkono wazi. Alifanya kazi katika shirika la mazingira, na moyo wake ulikuwa katika kazi hiyo. Zamani kidogo alitumwa mafunzoni nchi ya mbali, huko akapelekwa kuona bonde ambalo hapo awali lilikuwa na mto. Aliporudi alitusimulia papo hapo barazani. Alisema alipita chini ya daraja kwa miguu, juu ya changarawe kavu, na mama mmoja akamwonyesha jiwe alilokuwa akifulia nguo za wanawe. Alipofika kwenye lile jiwe, alituonyesha ukubwa wake kwa mikono miwili.

"Hewa chafu tunayoitoa kwa mitambo ya umeme, magari na viwanda inaifunika dunia kama blanketi," akatuambia. "Joto linabaki ndani. Kila taa inayowaka bure ni uzi mmoja katika blanketi hilo."

Tulimwamini, na hata leo namwamini. Alitubadilishia taa zetu tukaweka zile zinazokula umeme kidogo. Alituletea miche tukapanda kandokando ya barabara, na mpaka sasa tunapunga upepo kivulini mwake. Cherehani yangu ya kukanyaga kwa mguu aliisifu mpaka nikaona haya. Alinipiga picha nayo bila hata kuniruhusu nifunge kilemba vizuri. Mimi sijawahi kupanda ndege maishani, lakini picha yangu imepanda kuliko wengi wenu.

Maana baada ya hapo ndipo mialiko ilipoanza. Alialikwa kusema mji wa pili, kisha nchi ya jirani, kisha bara jingine. Kila alikokwenda alionyesha picha za nyumba yake na za mita yake ya umeme inayotembea kwa kujivuta. Shirika likaiita nyumba ile Familia ya Mfano. Likachapisha bango kubwa lenye picha yao wanne wakitabasamu, likabandikwa maofisini na hata kwenye zahanati yetu.

Siku moja mkewe alikuja kushonewa gauni. Nilipokuwa nikimpima mabega, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada fundi, umegundua kitu? Kila akirudi safari, kuna kitu kinazimwa."

Nikamwuliza ana maana gani.

"Aliporudi ile ya kwanza, tuliacha pasi. Ya pili, birika la umeme. Ya tatu, televisheni. Juzi ametoka tena, tumeng'oa feni chumbani kwa mama. Nikimwuliza, ananiambia ndege inachafua hewa sana, na yeye hawezi kusimama mbele ya watu na deni hilo shingoni. Kwa hiyo nyumba lazima ifidie."

"Nyumba ndiyo iliyosafiri?"

"Ndilo swali langu," akasema.

Ndugu zangu, hapo ndipo ulipokuwa mwanzo wa ubaya, na sisi tuliupita kama mtu anavyopita juu ya ufa mwembamba sakafuni. Mtu akikosa, anajilipisha mwenyewe. Bwana Zima alikosa angani, akawalipisha walio chini.

Likabaki friji. Lilikuwa dogo, jeupe, mlango umebonyea. Ndani yake palikuwa na maji, maziwa, mboga, na katika kikapu cha pembeni, chupa za insulini za Bibi. Alizichukua nyingi kwa pamoja, kwa sababu zahanati haikuwa nazo kila wakati. Alijichoma sindano kila siku, na alikuwa akijichoma huku akipiga soga, kana kwamba anatia kifungo.

Bwana Zima aliporudi kutoka safari ndefu kuliko zote alizokwishafanya, alileta kisanduku kidogo chenye swichi ya saa. Akakifunga ukutani nyuma ya friji, akakitia kufuli. Friji lingewaka jioni na kuzimika asubuhi, mchana kutwa likae bila umeme. Mkewe alimfuata barazani wakati mimi niko kwenye cherehani yangu. Hawakunificha kitu, na mimi sikujua niende wapi.

"Baba watoto, dawa ya mama imo mle."

"Najua. Friji likifungwa vizuri halipotezi ubaridi upesi. Nimesoma. Msilifungue mchana, basi."

"Sawa, tusilifungue. Lakini niambie kitu kimoja, wewe uliyesoma. Safari hii uliyotoka, friji letu lizimwe kwa muda gani ndipo deni lake lilipwe?"

Akajifuta vumbi mikononi. Nilidhani hajui. Kumbe alijua vizuri sana, na ndiyo maana hakuitaja.

"Haba na haba hujaza kibaba," akasema mwisho.

"Na chururu si ndondondo," mkewe akamjibu. "Sisi tunakinga matone jikoni, wewe unafungulia bomba angani."

"Ndege itaruka hata nisipokuwemo."

"Na mtambo wa umeme utawaka hata friji letu lisipokuwemo. Sasa kwa nini hoja hiyo ni halali kwako, kwangu si halali?"

"Kwa sababu mimi nikienda, watu elfu wananisikia," akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi. Ilikuwa ya mtu anayeomba aaminiwe. "Wakinisikia watu elfu, nyumba elfu zinabadilika. Wewe huoni faida hiyo kwa sababu hukai ukumbini."

Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti chake akiwasikiliza. Akainua mkono. "Mwacheni," akasema. "Mwanangu ana elimu. Hawezi kunizima mimi."

Alitaka kusema "kunidhuru", ulimi ukamteleza. Wakacheka wote, na mjadala ukafia hapo. Nimejiuliza mara nyingi: lau ulimi ule usingeteleza, wangeendelea kubishana mpaka wafike mahali?

Kisha msimu wa joto ukaingia, na mwaka ule ulikuja na hasira. Mabati yalikuwa yakilia kwa kupanuka. Ndani ya nyumba ile isiyo na feni, mtu alikaa kama mkate ndani ya tanuri. Friji lilishinda limezimwa, na kufikia alasiri maji ya ndani yake yalikuwa hayana tofauti na ya mtungi wa nje. Mkamwana akitaka kulifungua mapema ahakikishe dawa, aliogopa kuutoa hata ule ubaridi kidogo uliobaki. Akalifunga, akatumaini.

Bwana Zima akiwa safarini hakuwa mbali. Mita yao ilikuwa ya kisasa, inasomeka kwa simu popote ulipo. Alikuwa akipiga simu kutoka kiwanja cha ndege. Siku moja nilimsikia mkewe akimjibu: "Mita imeruka? Wewe umeruka bahari nzima, ila mita ikiruka kidogo umeiona." Akakata simu. Aliniambia walikuwa wamechaji simu ya binti.

Bibi akaanza kukonda. Kiu haikumwisha, na kutwa alikuwa njiani kwenda chooni. Aliona ukungu. Mkamwana akampeleka zahanati, na muuguzi akapima sukari akatikisa kichwa.

"Mnachoma dawa?"

"Tunachoma, kipimo kilekile, bila kukosa."

"Mnaihifadhi wapi?"

Mkamwana aliniapia kwamba alifungua kinywa aseme kila kitu. Lakini nyuma ya kichwa cha muuguzi palibandikwa lile bango, yeye mwenyewe akitabasamu juu yake, na wagonjwa kwenye benchi walikuwa wakimtazama, kisha wakalitazama bango. Akasema, "Kwenye friji."

"Vizuri," muuguzi akasema, akaongeza kipimo. Wakarudi nyumbani wakachoma zaidi ya kitu kilekile ambacho hakikuwa na nguvu.

Taa ya njia ya kwenda chooni nayo ilikuwa imekwisha kutolewa, kwa safari ipi sijui. Alfajiri moja Bibi akienda chooni akajikwaa kwenye kizingiti, ukucha wa kidole gumba ukang'oka. Hakumwambia mtu. Alifunga kitambaa, akavaa soksi, akasema miguu inaona baridi. Baridi, katika joto lile. Binti ndiye aliyegundua, siku ya kumkata kucha, alipovua ile soksi na harufu ikamjia usoni.

Kidonda cha mwenye sukari, hasa sukari isiyotulizwa, ni mlango ulioachwa wazi. Walikisafisha, kikapanuka. Walikifunga, kikapanda.

Wakati huo ndipo ulipokuja mwaliko mkubwa kuliko yote. Mkutano wa mataifa mengi, upande wa pili wa dunia, na Bwana Zima alikuwa azungumze kwa niaba ya familia za mfano. Asubuhi ya kuondoka alimuaga mama yake. Bibi alikuwa amelala kwenye kochi, mguu umewekewa mto.

"Mwanangu," akamwambia, "safari hii usiende."

"Mama, ni siku chache tu. Dawa umeongezewa. Nikirudi nitakupeleka hospitali kubwa mwenyewe."

"Sijawahi kukuzuia. Hata ulipozima mpira wangu sikukuzuia. Leo nakuomba."

Alipiga magoti pale chini, akamshika mkono. Sisemi hakumpenda. Machozi yalimlengalenga. "Mama, wamekwisha weka jina langu. Dunia inaungua, na mimi nimepata nafasi ya kusema. Nisipokwenda nitajilaumu."

"Haya," Bibi akasema. "Nenda, Mungu akutangulie." Akageuzia uso mgongoni mwa kochi. Gari lilikuwa linangoja nje na injini inanguruma.

Haikupita muda mrefu Bibi akaanza kusema maneno yasiyoshikana. Alimwita mkamwana kwa jina la marehemu dada yake. Tulimbeba, mimi na wao wawili, tukakodi gari hadi hospitali kubwa. Daktari alikifungua kile kitambaa. Alitazama rangi ya mguu, akapima sukari, akaagiza chumba cha upasuaji kitayarishwe. Kisha akamwambia mkamwana, "Nileteeni chupa ya dawa anayotumia."

Nilikwenda kuichukua mimi. Niliporudi niliwakuta kwenye benchi ya korido, mama na binti, wanatazama simu. Bwana Zima alikuwa amemtumia bintiye ujumbe asikose kuutazama mkutano, unarushwa moja kwa moja. Hakuwa amejua kwamba mama yake yuko hospitali. Walikuwa wamempigia, simu yake ilikuwa imezimwa kwa ajili ya hotuba.

Nikaketi karibu nao. Alikuwa amesimama kwenye jukwaa lenye taa nyingi mno, amevaa koti. Ukumbi wenyewe ulikuwa na ubaridi, maana watu walijifunga mitandio. Alizungumza lugha ya kigeni, na binti alikuwa akitutafsiria, sauti yake haipandi wala haishuki.

"Anasema hii ndiyo nyumba yetu. Anasema huyu ni fundi, jirani yetu. Anasema friji letu linapumzika mchana kutwa. Anasema tumezoea, na hakuna aliyepungukiwa na kitu."

Mama yake akasema, "Zima hiyo."

"Subiri, mama. Kuna mwanamke anauliza swali." Akaisogeza simu sikioni, akasikiliza. "Anamwuliza: safari yako ya kuja hapa na kurudi, ni sawa na friji lako kwa muda gani?"

Akairudisha mbele yetu, tukamwona Bwana Zima akitabasamu. Alijibu bila kusita. Binti akatafsiri.

"Baba anasema, kwa friji dogo kama letu, ni zaidi ya miaka kumi." Ukumbi ulikuwa unacheka, na yeye alikuwa anacheka nao. "Anasema ndiyo maana nyumba yake inafanya bidii."

Hapo daktari akatoka. Akachukua ile chupa mkononi mwangu, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya dawa kulikuwa na vipande vidogo vimeshikamana ukutani mwa kioo, kama maziwa yaliyokatika.

"Ilikaa wapi hii?"

Safari hii mkamwana alisema yote. Daktari hakumkemea. Nadhani ingekuwa afadhali angemkemea. "Dawa hii ilikwisha kufa," akasema. "Mmekuwa mkimchoma maji."

Wakamkata mguu juu ya goti. Bibi alizinduka akiwa dhaifu, akapapasa shuka pale ambapo hapakuwa na kitu, akanitazama mimi. "Fundi," akasema, "nimezimwa kipande." Nilijaribu kucheka kama alivyotaka, sikuweza.

Baadaye alimwita mkamwana wake karibu na mdomo. Alikuwa amesikia maneno ya daktari, au alikuwa ameyajua mapema zaidi yetu, sijui. "Msimwambie habari za friji," akasema. "Semeni ni kidonda. Akijua hataweza kuishi. Niahidini."

Wakamwahidi. Sumu ya kidonda ilikuwa imekwisha ingia katika damu. Walipompata mwanawe kwa simu aliacha kila kitu, akapanda ndege ya kwanza, akabadilisha ya pili. Bibi alifariki wakati yeye yuko hewani, mahali fulani juu ya bahari, hana habari.

Tulizika. Watu walijaa nyumbani, na wakubwa wake wa shirika walikuja. Siku iliyofuata mazishi, Bwana Zima alisimama mbele ya waliobaki kuwashukuru. Alikuwa amechakaa kwa kilio. Alianza vizuri, akamtaja mama yake alivyokuwa. Kisha, kwa mazoea, naamini ni mazoea tu, maneno yake yakashika njia yao ya siku zote.

"Msimu huu wa joto haukuwa wa kawaida," akasema. "Wagonjwa na wazee ndio wanaotangulia. Mama yangu ameuawa na joto hili tulilojiletea wenyewe. Nitalisema jambo hili kila mahali nitakapokwenda."

Binti yake alikuwa akipita na sinia ya vikombe. Akaiweka chini.

"Si joto, baba," akasema. "Ni ile swichi."

Mama yake akamshika mkono. "Tuliahidi, mwanangu."

"Nimeahidi nisiseme. Sikuahidi nikae nimsikilize akimfanya bibi hotuba." Akamgeukia baba yake. "Insulini iliharibika, kila mchana kidogo kidogo. Daktari alisema tulikuwa tunamchoma maji. Wewe ulikuwa unawaambia watu hakuna aliyepungukiwa na kitu."

Bwana Zima alimtazama mkewe, akitafuta mtu wa kumkanusha mtoto. Mkewe aliingia ndani akarudi na ile chupa, tuliyorudishiwa hospitali, akaiweka kwenye kiganja chake. Aliiinua kama daktari alivyofanya. Aliitazama muda mrefu. Kisha akauliza swali moja tu, kwa sauti ya mtoto: "Mama alijua?"

"Alijua," mkewe akasema. "Ndiye aliyetukataza tusikwambie."

Akakaa chini palepale, juu ya saruji, na wageni wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga.

Ningependa kuwaambia kwamba msiba uliwaunganisha. Haukuwaunganisha. Mkewe alikaa naye kwa muda, akimpikia na kumfulia, lakini hawakuwa na la kusemezana. Aliniambia kila akimtazama anaona benchi ya zahanati, na yeye mwenyewe akijibu "kwenye friji". Hakujua kama anamchukia mumewe au anajichukia. Mwisho alihamia kwa kaka yake, akaenda na binti. Binti hakumuaga baba yake. Mpaka leo simu zake hazipokei.

Shirika liliyang'oa mabango kimyakimya. Lakini mialiko ilitoka sehemu nyingine, kwa watu wasiojua. Nilidhani atakataa. Asubuhi moja nikamwona anatoka na sanduku, amekonda, koti linamning'inia.

"Unakwenda tena, shemeji?" nikamwuliza.

Akaliweka sanduku chini. "Siwezi kukaa humu ndani, fundi. Huko hakuna anayenijua."

"Na utawaambia nini?"

"Yale yale." Akanitazama kama mtu anayeuliza njia. "Si ni kweli? Dunia si inaungua kweli?"

Nikamwambia ni kweli. Akachukua sanduku lake, akaondoka.

Mafunzo ya kisa hiki

Ndugu zangu, mtu asitoke hapa akasema fundi amewakataza kuzima taa. Zimeni. Pandeni miti. Joto lipo, na mito inakauka, na kila mmoja wetu ana sehemu yake.

Lakini mizani ina vitanga viwili. Kabla hujaweka kwenye kimoja taa, pasi na redio ya mama yako, weka kwanza kwenye cha pili safari zako, gari lako, na kile ukipendacho usichotaka kiguswe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: hauuoni uzito kwa sababu hauko kichwani mwako. Anayeanza kuokoa dunia kwa kuwanyima wanyonge wa nyumba yake hajajinyima kitu, hata akisifiwa na ukumbi mzima.

Ndege anaweza kuipanda mwenye haja ya kweli, wala simhukumu. Ila aseme wazi: nimekula hiki, nitakilipa mimi, kwa kuacha safari nyingine. Asiseme nyumba italipa. Na ukiwa na mgonjwa, dawa yake haiingii katika hesabu ya kubana matumizi hata siku moja. Na ninyi mnaokaa na mtu kama huyo, mkiulizwa na muuguzi, semeni. Aibu ya bango hupita.

Bwana Zima hakukosa elimu. Idadi ya miaka ya lile friji aliijua kwa kichwa, na aliitaja huku akicheka, wakati mama yake anaingizwa chumba cha kukatwa mguu. Kujua hesabu kulimtosha. Hakuona sababu ya kuilipa.